Kabla ya Povu

Uvinza, zamu ya usiku. Maji ya kisima
hayajachemka, na kuni za leo ni mbichi,
zatoa machozi kuliko moto.
Bukuru, mwanangu, amekalia gunia tupu,
mkononi kitabu cha kuazima kisicho na jalada.
"Mama, kumbe kila watu wana mwanzo wao."
Nikamwambia soma, ila usinizibie mwanga.

Akasoma: nchi ya mito miwili, zamani,
kabla ya nchi kuwa nchi,
palikuwa na maji matamu, dume,
na maji ya chumvi, jike.
Yakalala pamoja, yakazaa miungu.
Nikacheka. Hapo nje Ruchugi unapita, mtamu,
na chumvi yabubujika ubavuni mwake
tangu bibi wa bibi yangu;
hatujaona mungu akitoka. Vyura, ndiyo.

Yeremia mlinzi akaegemeza rungu mlangoni:
"Kwetu pia yalikuwa maji, na giza,
na Roho juu yake, ametua hajatua."
Hamimu, msukuma toroli, mtu wa Ujiji,
hakungoja kuulizwa:
"Kila chenye uhai kimetokana na maji.
Akisema kitu kiwe, kinakuwa. Basi.
Hahitaji kuni."
Huyo Hamimu! Kuni zenyewe ndiye aliyezileta.

Nikawapa na ya kwetu Buha:
mtu na mkewe, uani mwao chemchemi
isiyo na mwisho, imejaa samaki.
Mume akasema, asiione mgeni.
Akasafiri. Mke akamwonyesha mpenziwe.
Maji yakapanda usiku, yakameza ua, mifugo, majirani,
ndiyo Tanganyika hiyo, hadi leo haina kina.

"Mwanamke tena," akasema Yeremia. "Kama Hawa."
Hamimu akatikisa kichwa:
"Sisi twasema waliteleza wote wawili."
Kwa neno hilo, asubuhi
nilimpimia kilo iliyozidi kilo.

Bukuru akafunua. Wahindi:
mlima ukawa mpekecho, nyoka akawa kamba,
wakaipekecha bahari ya maziwa watafute uzima,
na kilichotangulia kutoka kilikuwa sumu.
Hilo nalijua. Povu la kwanza ni la kutupa.
Nikaliengua, jeusi, nikalimwaga nje.

Kisha Wajapani.
Ndugu wawili, mume na mke, juu ya daraja la mbinguni,
wakaikoroga bahari kwa mkuki.
Walipouinua, tone likaning'inia nchani,
likadondoka, likaganda: kisiwa.
Nikautazama mwiko wangu, ukingo wake mweupe.
Aliyeisimulia hii, nikasema,
amewahi kukesha na chungu.

"Bado, Mama. Mtoto wao wa kwanza
alizaliwa hana mifupa.
Wakamlaza katika mtumbwi wa matete,
wakamwachia maji."
"Kosa lake?"
"Eti mama yake alitangulia kusema,
kabla ya baba."

Moto ukalia. Hamimu akakumbuka toroli lake.
Butoyi wangu alikaa siku tisa.
Nao waliniuliza nilikula nini,
nilivuka mto gani, nilimjibu nani vibaya.
Tangu hapo hawaniiti tena mama wa mapacha.

Bukuru akafunga kitabu, kidole ndani.
"Na mimi na Butoyi, tulianzaje?"

Mlianza hapa hapa, stesheni,
treni ya Kigoma imechelewa saa sita.
Palikuwa na kandili,
na mkunga anayepiga miayo.
Ukatoka wewe, ukalia dunia nzima ikusikie.
Akaja mwenzio, hakulia. Alitazama.
Alitazama kila kitu, mara moja, kama anayehesabu.

"Nani alitangulia kusema?"
"Mimi," nikasema. "Nilipiga ukelele
hadi mkuu wa stesheni akavaa kofia."

Akacheka, kisha hakucheka.
Chini ya chungu weupe umeanza kushika,
punje kwa punje, kutoka maji
ambayo jioni ungeapa ni maji tu.

Inuka, mwanangu. Lete hilo gunia ulilokalia.